Sanduku la babu, skana ya mtumba na reli iliyokatika Voi

Najua nimewatupa karibu wiki tatu. Kuna waliodhani nimeacha kuandika, kuna waliodhani mhariri amenibana. Ukweli ni kwamba nilikuwa likizo Same, kwa bibi mzaa baba, nimeinamia mashine isiyozidi unene wa kaunta buku, nikiskani makaratasi na negativu za marehemu babu. Nilikwenda nikidhani ni kazi ya siku mbili. Nikakaa siku kumi na moja.

Ngoja nianze mwanzo.

Babu alifariki mwaka 2009. Aliacha shamba la mahindi, redio ya mbao na sanduku la bati lenye kufuli, ambalo sisi wajukuu tulikatazwa hata kulikalia. Ndani yake mlikuwa na kitu kilichoitwa "karatasi za Jumuiya". Yeyote aliyekulia nyumba yenye mzee aliyewahi kufanya kazi reli, bandari, posta au ndege za ile Jumuiya ya zamani anazijua karatasi hizo. Mzee akizifungua, watoto hutolewa nje.

Nyumbani kwetu zilikuwa na jina la pili: hadithi za mzee. Babu alikuwa akisema kwamba alikuwa karani wa bidhaa katika reli ya Afrika Mashariki, stesheni ya Voi, Kenya. Si kibarua, karani wa kudumu. Wanawe, baba yangu akiwa mmojawapo, walikua wakiamini kwamba mzee alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku na kwamba ukarani alijiongezea mwenyewe baada ya kurudi. Kisa ni kwamba hakuwahi kuonyesha karatasi inayosomeka. Aliyokuwa nayo ni nakala moja ya kaboni, nyembamba kama ganda la kitunguu, maandishi yake ya zambarau yamefifia mpaka unayahisi kuliko unavyoyaona. Akiipeleka kutolewa fotokopi, inatoka karatasi ya kijivu, tupu kabisa.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonifanya ninunue skana.

Nimeipata Kariakoo, ya mtumba, na bahati nzuri ilikuja na kile kifaa chake cha kuskania negativu. Ni ya miaka ya 2000, enzi za Windows XP, kwa hiyo kompyuta yangu ya leo iliikana kabisa kama Petro alivyomkana Yesu. Nikasaidiwa na programu moja iitwayo VueScan, ambayo kazi yake hasa ni kuzifufua skana za zamani. Uzuri wa skana hizi nyembamba ni kwamba hazina waya wa umeme. Zinakula umeme wa kompyuta kupitia waya wa USB. Siku ya tatu umeme ulikatika Same mchana kutwa, mimi nikaendelea na kazi kwa betri ya laptopu, bibi akanitazama kama mchawi.

Kabla sijafungua sanduku, turudi nyuma kidogo, maana mashine hii nayo ina historia yake na nimeipenda.

Mwaka 1957, mwaka ule ule Ghana ilipopata uhuru, mhandisi mmoja wa Marekani aitwaye Russell Kirsch, aliyekuwa akifanya kazi National Bureau of Standards, alijiuliza swali la kitoto: hivi kompyuta ingeweza kuona, ingeona nini? Yeye na wenzake wakatengeneza mashine yenye pipa linalozunguka, wakabandika juu yake picha ya mtoto wake mchanga, yenye ukubwa wa sentimita tano kwa tano. Mashine ikaisoma nukta kwa nukta. Picha iliyoingia kwenye kompyuta ilikuwa na nukta 176 kwa 176, yaani nukta 30,976 tu. Leo simu janja ya kawaida inapiga picha yenye nukta mamilioni, lakini mama yake wote ni yule mtoto mchanga. Kirsch alifariki mwaka 2020.

Mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs walibuni kile kidude kinachogeuza mwanga kuwa umeme, CCD, kilichowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Na mwaka 1976 Ray Kurzweil akatoa mashine ya kuwasomea vitabu vipofu. Unalaza kitabu juu ya kioo, taa inapita chini yake, kompyuta inatambua herufi na kuzitamka kwa sauti. Kwa hiyo skana ya kulaza karatasi juu ya kioo, hii tunayoiona leo kwenye kila stationery, mwanzoni ilitengenezwa kwa ajili ya watu wasioona. Mimi sikuwa najua. Nilivyomsimulia bibi alisema, "Basi hata mimi inanifaa."

Skana nyembamba kama yangu ni wajukuu wa zile. Hazina vioo na lenzi kubwa ndani. Zina mstari wa vihisio uliokaribia kabisa kugusa kioo, na vitaa vidogo vya rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, vinavyowaka kwa zamu haraka haraka. Kumbukeni hizo rangi tatu, nitazirudia. Udhaifu wake ni mmoja: zinaona karibu tu. Karatasi ikiinuka kidogo kutoka kwenye kioo, maandishi yanafifia. Kitabu kinene kisichofunguka vizuri usijisumbue nacho.

Haya, sanduku.

Kulikuwa na pasi za kusafiria bure kwa treni, ratiba ya treni iliyoliwa na mende pembeni, barua chache, ile nakala ya kaboni ndani ya bahasha ya kaki, na bati la biskuti. Ndani ya bati mlikuwa na vipande kumi na moja vya negativu vya milimita 35, vimekunjwa kwenye karatasi ya gazeti. Hati za mshahara hakuna. Bibi alisema zilibaki kwenye kabati la kota ya reli Voi, pamoja na kitanda, baiskeli na kuku saba.

Nikaamua kuanza na negativu. Kusema kweli nilikuwa naiogopa ile bahasha.

Kwanza nilizinusa. Msicheke. Filimu nyingi za zamani zimetengenezwa kwa asetati, na asetati ikianza kuoza hutoa harufu ya siki. Ukiisikia harufu hiyo ujue unashindana na muda. Za babu hazikuwa na harufu. Ukame wa Same, tunaoulaani kila msimu wa mahindi, ulikuwa umezitunza. Ila vumbi! Nilipuliza kwa kile kipira cha kupulizia kamera, nikazishika pembeni kwa glavu za pamba, na bado kila picha ilitoka na nyota kama anga la usiku. Nilijaribu kuwasha ufundi wa kufuta vumbi kwa mwanga wa infraredi uliomo kwenye skana nyingine kubwa ya rafiki yangu, nikakumbuka kwamba haufai kwa filimu za nyeusi na nyeupe. Fedha iliyomo kwenye filimu hizo inauzuia mwanga huo, mashine inadhani picha yote ni vumbi. Vumbi la babu nimelifuta kwa mkono, nukta moja moja, kwenye kompyuta.

Karatasi unaimulika kutoka chini, mwanga unagonga na kurudi. Negativu unaimulika kutoka juu, mwanga unapita katikati yake, ndiyo maana lazima uwe na kifaa chenye taa ya juu. Changu husoma picha moja moja, na kila moja huchukua dakika kadhaa. Niliweka nukta 2,400 kwa inchi. Picha ya milimita 36 kwa 24 kwa kipimo hicho inakupa nukta takriban 3,400 kwa 2,270, inatosha kuchapa picha kubwa ya kutundika ukutani. Negativu iliyojikunja niliilaza siku nzima ndani ya kitabu kizito. Nilitumia Biblia ya bibi, kwa ruhusa yake.

Picha ya kwanza iliyonishika ilikuwa ya wanaume watatu wamesimama mbele ya kibao cha stesheni. Kibao kilisomeka IOV. Nikakaa nikiumiza kichwa. IOV ni wapi? Ni kifupi cha nini? Nilifungua ramani za reli kwenye intaneti, sikupata. Mpaka bibi alipopita nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Mbona umewageuza?" akasema. "Babu yako saa alivaa mkono wa kushoto."

Nilikuwa nimeilaza filimu upande usio wenyewe. Neno VOI lina herufi ambazo hata ukizigeuza kama kwenye kioo, kila moja inabaki vile vile: V, O, I. Ndiyo maana hata sikushtuka. Nikaipindua, nikaskani upya, na hapo nikaona nimesimama mbele ya stesheni ya Voi, na babu yangu, kijana mwembamba kuliko mimi, kalamu mbili mfukoni mwa shati, amekunja mikono kama mtu anayesubiri kusainiwa kitu.

Sasa kwa wale waliosoma historia ya kukariri kwa ajili ya mtihani (na mimi nimo), tukumbushane Mpare wa Same alifikaje kuwa mfanyakazi Voi.

Wajerumani walijenga reli kutoka Tanga, ikapita Korogwe na Same, ikafika Moshi mwaka 1911. Waingereza nao walikuwa na yao kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, na Voi ni moja ya stesheni zake. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Waingereza wakachomoa tawi kutoka Voi kuelekea Taveta, ili wapeleke askari na mizigo kumpiga Mjerumani. Kufikia 1916 reli mbili za maadui zilikuwa zimeunganishwa. Ilijengwa kwa ajili ya vita, lakini vita ikaisha na reli ikabaki, na kwa miaka sitini watu wa Kilimanjaro na Upare wakaitumia kwenda Mombasa na Nairobi kutafuta kazi, shule na mitumba.

Mwaka 1948 reli za Tanganyika na zile za Kenya na Uganda ziliunganishwa pamoja na bandari, zikawa shirika moja: East African Railways and Harbours. Nchi zetu zikapata uhuru, shirika likabaki moja. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Kampala tarehe 6 Juni 1967, ukaanza kazi Desemba mwaka huo, na mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli, kila upande ukawa shirika lake. Makao makuu ya reli Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala, na ya Jumuiya yenyewe Arusha. Mtanzania kufanya kazi Voi hakukuwa "kwenda nje". Ilikuwa uhamisho.

Hata makaratasi ya babu yanaonyesha mabadiliko hayo. Pasi ya kusafiria ya mwaka 1968 ina "and Harbours" kwenye kichwa chake. Ya mwaka 1972 haina. Nilipoziweka pamoja juu ya kioo nikaona mwaka 1969 umepita katikati yao kama kisu.

Jumuiya ilivunjikaje? Wasomi wameandika vitabu, mimi niseme kwa kifupi. Idi Amin alimpindua Obote Januari 1971, Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, na baraza la marais watatu, lililokuwa na kauli ya mwisho, halikukutana tena. Kulikuwa na manung'uniko ya muda mrefu kwamba Kenya inafaidi zaidi. Pesa za mashirika zikawa zinagoma kuvuka mipaka kwenda makao makuu. Mwanzoni mwa 1977 ndege za Jumuiya zikaacha kuruka, Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Tarehe 30 Juni 1977 mwaka wa fedha ukaisha bila bajeti mpya. Mwisho.

Hayo ndiyo ya kwenye vitabu. Bibi anayo yake. Mpaka ulipofungwa yeye alikuwa Same, amekuja kumuuguza mama yake na watoto wawili mgongoni na mkononi. Babu alikuwa Voi. Treni iliyokuwa inawaunganisha haikuja tena. "Tulikuwa tunaisikia honi kabla haijafika," aliniambia. "Nikawa naisikia hata ambapo haipo." Babu alifika baada ya miezi, kwa miguu kutokea upande wa Taveta, na sanduku kichwani na koti la reli begani.

Nilimuonyesha ile picha ya watatu. Mmoja ni babu. Wa pili bibi hakumkumbuka. Wa tatu, mwenye kofia, alimtambua hapo hapo: Mtaita wa pale pale Voi, rafiki wa babu, ndiye aliyemtunza kotani miezi ile, na ndiye aliyembebea sanduku hadi karibu na mpaka. Jina lake bibi alilisema mara tatu ili niliandike vizuri. Hapa silitaji mpaka nipate ndugu zake. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, lakini miaka sita kwa watu wasiokuwa na simu ni mingi. Hawakuonana tena. Na hakuna mtu mwingine katika ukoo wetu aliyekuwa analijua jina hilo. Bibi ana zaidi ya miaka themanini. Hesabuni wenyewe.

Hapo ndipo nilipobadilisha utaratibu wangu wa kazi. Nilikuwa naskani usiku peke yangu, haraka, nijaze diski. Nikaacha. Nikawa naskani mchana, bibi amekaa kwenye kigoda pembeni, na kila picha ikitokea kwenye kompyuta nasubiri aseme. Simu yangu inarekodi. Picha sitini na moja zilichukua siku sita kwa sababu hiyo, na sijutii hata dakika moja.

Mwisho ikabaki bahasha ya kaki.

Niwaeleze kwanza kwa nini karatasi ile ilikuwa moja. Baada ya kurudi, babu alitafuta kazi na akadai haki zake. Ofisi moja, sitaitaja, ilimwambia alete barua yake ya ajira, ile yenyewe yenye mhuri. Akaipeleka. Akaambiwa aje wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, na barua ikaonekana haionekani. Ikabaki nakala ya kaboni ambayo, kwa tabia ya makarani, alikuwa amejiwekea. Tangu siku hiyo aliapa kwamba karatasi hiyo haitatoka mikononi mwake.

Mwaka 1983 ulipofunguka mpaka, mgogoro wa mali nao ukafika mwisho. Mpatanishi alikuwa Mswisi, Victor Umbricht, na makubaliano yalisainiwa Arusha tarehe 14 Mei 1984. Mali za Jumuiya ziligawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Na kila nchi ikakubali kubeba mzigo wa kuwalipa mafao raia wake waliotumikia Jumuiya. Miaka ya 2000 wazee hawa walikuwa habari ya kila mara kwenye magazeti yetu, mistari mirefu ya watu wenye mvi na bahasha za kaki, wengine wakilipwa, wengine wakiendelea kudai. Babu naye alikwenda na bahasha yake. Akaambiwa aiache ikahakikiwe, akakataa. Akaambiwa basi alete fotokopi, fotokopi ikatoka tupu. Akarudi Same. Alifanya hivyo mara mbili, na mara ya pili baba yangu alimwambia maneno ambayo, kwa kumstahi, siyaandiki hapa.

Fotokopi ilikuwa inashindwa kwa sababu mashine zile za kawaida zinaangalia kitu kimoja tu, weusi na weupe. Zambarau iliyofifia juu ya karatasi iliyogeuka manjano, kwake ni kijivu juu ya kijivu.

Skana, hata hii ndogo, inaona rangi tatu mbali mbali. Niliilaza ile karatasi juu ya kioo kama mtoto mchanga, nikaweka karatasi nyeupe safi juu yake ili mwandiko usipotelee kwenye giza la mfuniko, nikachagua rangi kamili badala ya nyeusi na nyeupe, nukta 600 kwa inchi. Halafu kwenye kompyuta nikazitenganisha rangi. Kwenye bluu, manjano ya karatasi yaligeuka giza, hakuna kitu. Kwenye nyekundu, wino ulikaribia kutoweka. Kwenye kijani, ambayo ndiyo zambarau inaimeza zaidi, herufi zikaanza kusimama mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kwenye ukungu. Nikaongeza utofauti kidogo. Kidogo tu, ukizidisha unajitengenezea herufi ambazo hazipo.

Barua ni ya Kiingereza, ya mashine ya taipu, ya mwaka 1966. Inasema kwamba muda wa majaribio wa karani huyu umekwisha na kazi yake imeridhisha, kwamba sasa anathibitishwa kwa masharti ya kudumu, na kwamba atakatwa mchango wa Mfuko wa Akiba kuanzia mwezi unaofuata. Jina lake lipo. Namba yake ya kazi ipo. Voi ipo.

Nilimtafsiria bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mume wangu, mimi niliijua hiyo. Msomee baba yako."

Nikampigia. Nikasoma. Kimya. Akasema nisome tena ule mstari wa masharti ya kudumu. Nikasoma. Akaniuliza kama nina uhakika si mimi niliyeyachora hayo maandishi kwenye kompyuta, nikamwambia nitamletea ile yenyewe aiangalie kwenye jua. Akasema hana haja. Kisha akaniuliza habari za mahindi.

Wiki iliyofuata alikwenda Same mwenyewe. Bibi anasema alikaa kaburini kwa mzee karibu saa nzima, na hakumuuliza alikuwa anafanya nini.

Sasa, mimi ni mwandishi wa habari, sitaki kuwauzia hadithi tamu. Barua hii haitamrudishia babu hata senti, na maneno aliyoambiwa hayafutiki kama vumbi la negativu. Lakini nimekuwa nikiwaza jambo moja. Wakubwa walipogawana mali waliweza kuhesabu vichwa vya treni, mabehewa, majengo na ndege mpaka wakafika kwenye asilimia. Ushahidi kwamba mtu fulani alifanya kazi yake miaka kumi na moja bila lawama uliachwa kwenye sanduku la mtu huyo mwenyewe, na panya na mende wakiwa mashahidi. Leo tunayo Jumuiya nyingine, mkataba wake ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na imekua kuliko ile ya kwanza. Historia ya ile ya kwanza nyingi haimo kwenye majengo yake. Imo uvunguni, kwenye mabati ya biskuti, kwa bibi zetu ambao hawajaulizwa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Kama kwenu kuna sanduku kama hilo, usisubiri mazishi. Skana za mtumba zipo, na ukikosa azima. Karatasi za kawaida nukta 300 kwa inchi zinatosha, zilizofifia weka 600 na uchague rangi kamili. Hifadhi kwa TIFF kwanza, JPEG ni ya kutumiana WhatsApp. Weka nakala mbili, na zisikae nyumba moja. Jina la faili liwe na mwaka, mahali na watu. Karatasi yenyewe usiitupe hata kama umeiskani mara kumi. Na muhimu kuliko yote, usiskani peke yako. Mkalishe pembeni mtu anayezijua hizo sura.

Na kama wewe ni Mtaita, na babu yako alifanya kazi stesheni ya Voi miaka ya 1970, alipenda kuvaa kofia, na aliwahi kusimulia habari za Mpare mmoja aliyemsindikiza mpakani na sanduku la bati kichwani, tafadhali niandikie. Tuna picha yake nzuri sana. Bibi anataka kuwatumia.